Binti Mfalme Alice na Goti la Mdogo Wangu

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na nimeitia katika insha nyingi ili nijipatie alama. Maana yake hasa niliipata mwaka huu, na aliyenifundisha ni mtu ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili: binti mfalme wa Uingereza aitwaye Alice, aliyefariki mwaka wa 1878.

Mpenzi msomaji, najua unataka kucheka. Wenzangu wa kidato cha tatu walicheka hadi mbavu zikawauma. Muhula mzima waliniita Kwini, na kila niliposimama kwenye foleni ya chakula cha mchana hakukosa mtu wa kuniinamia. Lakini naomba unisikize hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe kama ni jambo la kuchekwa.

Mambo yalianza hivi. Katika muhula wa kwanza mwalimu mlezi wa chama chetu alituagiza kila mmoja wetu achore mti wa ukoo wake hadi kizazi cha nne. Niliona ni kazi rahisi kama kunywa maji. Jioni hiyo nilimwendea babu mzaa baba, akanitajia majina saba bila kusita, mtu na baba yake, mtu na baba yake, kama anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini.

"Na wake zao, babu? Na dada zao je?"

Babu akanitazama kwa mshangao. "Hao waliolewa wakaenda zao. Wewe si umesema unaandika ukoo? Basi andika ukoo."

Nikaandika. Nilipomgeukia mama, alimtaja nyanya, kisha akanyamaza. Nikamuuliza ndugu za nyanya walikuwa akina nani. Mama akainuka, akasema anakwenda kuutazama ugali, na maji ya ugali yalikuwa hata hayajachemka. Kule jikoni akaniambia bila kugeuka, "Andika upande wa baba yako tu. Unatosha."

Mti wangu basi ukawa na matawi upande mmoja, kama mti uliopigwa na radi. Nikaona haya kuupeleka shuleni. Nikamwomba mwalimu aniruhusu nifuatilie ukoo wa mtu mwingine, akakubali kwa sharti kwamba kila jina niliandike na mwaka wake. Katika maktaba yetu mna ensaiklopedia kuukuu ambayo imepoteza jalada. Humo ndimo nilimokuta nasaba ya Malkia Victoria wa Uingereza, kurasa mbili nzima. Kilichonivutia si taji wala almasi. Ni kwamba mabinti wote walikuwa wameandikwa, sawasawa na kaka zao, na walikoolewa, na watoto waliowazaa. Nikasema, kumbe inawezekana!

Malkia Victoria na mumewe Albert walijaliwa watoto tisa. Alice alikuwa wa tatu, alizaliwa mwaka wa 1843. Baba yake alipougua na kufariki mwezi wa Desemba mwaka wa 1861, Alice, msichana wa miaka 18, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mwaka uliofuata akaolewa na Ludwig wa Hesse, akahamia mji wa Darmstadt nchini Ujerumani. Huko hakukaa akijipepea tu. Aliwatazama majeruhi wa vita, akaanzisha chama cha wanawake cha kufundisha wauguzi. Akazaa watoto saba: Victoria, Elisabeth, Irene, Ernst, Friedrich, Alix na Marie. Nikawapanga kwenye karatasi ya manila, nikaanza kuwajazia miaka.

Nilipofika kwa Friedrich kalamu yangu ilisimama. Alizaliwa 1870, akafariki 1873. Kitabu kilieleza kwamba mtoto huyu alikuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda, uitwao hemofilia. Siku moja akicheza chumbani mwa mama yake alianguka kutoka dirishani. Mfupa haukuvunjika, lakini damu ilivuja ndani ya kichwa, na siku hiyo hiyo akafa. Hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Naomba nikueleze kwa nini nilisimama. Nina mdogo wangu wa miaka 11. Tangu aanze kutambaa mwili wake umekuwa na alama za bluu kama mtu aliyepigwa. Akijikwaa, goti linavimba mpaka linakuwa kama papai, na anakaa nyumbani wiki mbili akilia usiku. Jino lake la kwanza lilipong'oka, damu ilitoka siku tatu, mama akawa anabadilisha vitambaa usiku kucha. Zahanati wamempa dawa za maumivu. Majirani wamempa majina. Na shangazi yangu, dada ya baba, alisema maneno ambayo yamekaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga: "Damu hiyo haikutoka kwetu. Mwanamke huyu alikuja nayo." Baada ya siku hiyo nilimwona mama akila mwisho na kuongea kidogo.

Desemba inayokuja mdogo wangu alikuwa apelekwe jandoni pamoja na rika lake. Siku ilikuwa imeshapangwa na mbuzi ametengwa.

Niliendelea kusoma, lakini sasa sikuwa nikisoma kwa ajili ya chama. Nilirudi nyuma nikaona kwamba Leopold, kaka mdogo wa Alice, alikuwa na ugonjwa huo huo. Aliteleza akaanguka huko Cannes, Ufaransa, mwaka wa 1884, akafa akiwa na miaka 30. Nikaenda mbele kwa mabinti wa Alice. Irene aliolewa na Heinrich wa Prussia, akazaa wana watatu, na wawili kati yao walikuwa na hemofilia. Mmoja alianguka akafa mwaka wa 1904, ana miaka minne tu. Yule mwingine, Waldemar, alifika miaka 56, akafa mwaka wa 1945 vita vikiisha, kwa kukosa damu ya kuongezewa.

Alix naye aliolewa mwaka wa 1894 na Nicholas wa Pili, mfalme wa Urusi. Akazaa wasichana wanne mfululizo, watu wakanung'unika kwamba hana mrithi. Mwaka wa 1904 akamzaa Alexei. Majuma machache baadaye kitovu cha mtoto kikaanza kutoka damu, na Alix akajua, kwa sababu alikuwa amempoteza kaka yake Friedrich na alikuwa na habari za mjomba wake Leopold na wana wa dada yake Irene.

Hapa ndipo methali yetu inapoingia. Jamaa hiyo iliamua kuficha. Mwaka wa 1912 Alexei aliumia mguu huko Spała, Poland, akavimba hadi akasomewa sala za mwisho. Magazeti yakatoa habari kwamba mtoto ni mgonjwa, lakini ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wakati huo Alix alikuwa ameshaweka imani yake yote kwa Rasputin, mtu wa dini kutoka Siberia, aliyeonekana kumtuliza mtoto. Raia wakawa wanaona malkia wao akimsikiliza mtu wa ajabu, na sababu hawaijui. Hawakujua kwamba ni mama aliyekata tamaa. Wakamsingizia kila uovu. Sisemi kwamba ugonjwa wa mtoto ndio uliouangusha ufalme wa Urusi. Kulikuwa na vita, njaa na utawala mbaya. Lakini siri ile iliwanyima hata huruma ya watu wao. Mwezi wa Julai 1918, katika mji wa Yekaterinburg, baba, mama, wasichana wanne na Alexei waliuawa wote. Alexei alikuwa bado kutimiza miaka 14.

Siku iliyofuata nilimngoja mwalimu wa Biolojia mlangoni mwa ofisi ya walimu. Nilitaka kujua jambo moja tu: mbona wanaougua ni wavulana na mabinti wote wako salama? Akanijibu, "Hilo ni somo la kidato cha nne," kisha akanitazama usoni, akachukua chaki.

Alinieleza hivi. Mwanamke ana kromosomu mbili za X. Mwanamume ana X moja na Y moja. Maagizo ya kutengeneza baadhi ya protini za kugandisha damu yako kwenye X. Mwanamke akiwa na X moja yenye kasoro, ile nyingine kwa kawaida humsaidia, kwa hiyo anaweza kuishi bila kujua lolote. Anaitwa mbebaji. Lakini akizaa mwana, yaani kama kurusha shilingi juu: mwana anaweza kupata X nzima au ile yenye kasoro, nusu kwa nusu. Akipata yenye kasoro hana nyingine ya kumsaidia. Akizaa binti, vivyo hivyo, nusu kwa nusu atakuwa mbebaji kama mama yake. Ndiyo maana Edward, kaka ya Alice, ambaye hakuwa na ugonjwa huo, hakuwaachia wafalme wa Uingereza waliomfuata.

"Na huyo Malkia Victoria aliutoa wapi?" nikauliza.

"Wataalamu wengi wanadhani ulianzia kwake au kwa mmoja wa wazazi wake. Hutokea. Karibu thuluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyekosa. Mama hachagui X atakayompa mtoto."

Nilitamani shangazi angekuwa amesimama hapo nyuma yangu.

Mwalimu wa Historia alipopata habari kwamba ninafuatilia ukoo huo akaniletea kurasa za kuongezea mti wangu. Victoria, yule binti wa kwanza wa Alice, alimzaa msichana mwaka wa 1885 akamwita Alice, jina la nyanya yake. Alice huyo wa pili alizaliwa kiziwi, akaolewa na Andrew wa Ugiriki, akamzaa Philip mwaka wa 1921. Philip ndiye aliyekuja kuwa mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Februari 1952 wawili hao walikuwa hapa hapa Kenya. Walilala Treetops, karibu na Nyeri, na ni Philip aliyempasha mkewe habari huko Sagana kwamba baba yake, Mfalme George wa Sita, ameaga dunia. Wengi wetu tunajua kwamba binti mfalme alipanda juu ya mti akashuka akiwa malkia. Ni wachache wanaojua kwamba mwanamume aliyekuwa ubavuni mwake ni kitukuu cha Alice wetu.

Na damu ya Philip ilikuja kufanya kazi kubwa. Mwaka wa 1991 mifupa ilifukuliwa karibu na Yekaterinburg. Ilikuwa ya nani? Katika chembe za mwili wa kila mtu mna sehemu ziitwazo mitokondria, ambazo zina alama za urithi zinazotoka kwa mama peke yake. Alix alipata za Alice. Philip naye alipata za mama yake, aliyezipata kwa Victoria, aliyezipata kwa Alice yule yule. Philip akatoa damu yake, na mwaka wa 1993 wanasayansi huko Uingereza wakatangaza kwamba alama zinalingana: ile ilikuwa mifupa ya Alix na watatu wa binti zake. Mifupa ya Alexei na dada yake mmoja ilipatikana mwaka wa 2007. Mwaka wa 2009 wanasayansi walipoichunguza wakagundua aina hasa ya hemofilia: protini iliyokosekana ni ile ya namba tisa, na kasoro hiyo waliikuta kwa Alexei na kwa mama yake.

Fikiri, msomaji. Miaka zaidi ya 70 watu walikuwa wakiuliza jamaa hiyo ilipatwa na nini, na jibu lilikuwa limehifadhiwa na wanawake, mama kwa binti, mama kwa binti. Ingekuwa nasaba ile imeandikwa kama babu anavyoandika ya kwetu, Alice asingekuwemo. Angekuwa ameolewa akaenda zake.

Jumamosi nilipanda matatu kwenda kwa nyanya. Nilichukua karatasi ya manila na kalamu ya risasi, wala sikumwambia mama ninakwenda kufanya nini. Nilimkuta nyanya akichambua maharagwe. Nikakaa chini, nikamsaidia, kisha nikamsimulia habari za Alice, Friedrich na dirisha. Mikono yake ikaacha kuchambua.

"Na mama yake alifanya nini?" akauliza.

"Alilia sana, nyanya. Baadaye yeye mwenyewe alikufa na miaka 35. Dondakoo iliingia nyumbani, ikamchukua Marie, mtoto wa mwisho, naye Alice akaambukizwa akiwauguza."

Nyanya alinyamaza kwa muda. Halafu akaanza kunitajia majina, moja moja, na mimi nikaanza kuandika. Alikuwa na kaka watatu. Wa kwanza alienda jandoni asubuhi, na kufikia usiku wa pili alikuwa amekwisha damu. Wa pili alitembea kwa fimbo tangu ujana kwa sababu ya magoti, akafa kijana. Wa tatu alizeeka vizuri. Kisha nyanya akasema jambo ambalo mama hajawahi kuniambia: kwamba kabla ya mama alizaliwa mvulana, na mvulana huyo alijikata ulimi alipoanguka, hakufika mwaka wa pili. "Walisema nina mkosi," nyanya akasema. "Nikaona ni heri nisiseme tena. Mama yako nilimwambia alipoolewa: ukiulizwa, sisi hatukuwa wengi."

Nilichora jinsi mwalimu wa Biolojia alivyonionyesha: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, aliyeugua anatiwa weusi, mbebaji anatiwa nukta katikati. Miraba mitatu myeusi. Nukta kwa nyanya. Nukta kwa mama. Na chini kabisa, mraba wa mdogo wangu.

Usiku huo nililaza karatasi mbili mezani, ya Alice na ya kwetu, zikiwa sambamba. Baba hapendi maneno mengi. Nikamweleza kwa kidole tu, kutoka juu hadi chini. Mama alisimama mlangoni, leso mdomoni. Nilipomaliza, baba aliinama juu ya mraba wa Alexei akauliza, "Huyu alikuwa mtoto wa mfalme?"

"Ndiyo, baba. Mtoto wa mfalme wa Urusi."

"Na ufalme wote haukuweza kumgandisha damu?"

"Wakati huo dawa haikuwapo, baba. Sasa ipo."

Alikaa kimya, kisha akamgeukia mama. "Mbona hukuniambia?" Mama akasema, "Ungesikia?" Baba hakujibu. Asubuhi yake ndiye aliyemwogesha mdogo wangu na kumpeleka hospitali kubwa, na karatasi yangu aliikunja akaitia mfukoni mwa koti.

Daktari aliitazama ile karatasi kabla hajamtazama mgonjwa. Damu ilipopimwa ikaonekana ni hemofilia kweli. Mdogo wangu amekosa protini namba nane, si ile namba tisa ya akina Alexei, lakini njia ya kuipokea ni ile ile moja. Tulikatazwa kumpa aspirini, kwani huzidisha kuvuja damu. Goti likivimba alazwe, liwekwe barafu, aletwe mapema achomwe protini anayoikosa. Kuhusu jando, daktari alisema kwamba tohara inaweza kufanywa hospitalini baada ya maandalizi, lakini kisu cha kijijini, hapana. Baba alipomweleza babu, babu alikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu akamfungua yule mbuzi, akamrudisha kwenye kundi.

Shangazi bado anasema damu hiyo haikutoka kwao. Na kweli haikutoka kwao. Sayansi iko upande wake. Alichokosea ni kudhani kwamba aliyeileta ana hatia. Siku hizi mama anakula pamoja nasi, na jina la kaka yake yule mdogo analitaja bila kunong'ona.

Mti wetu umebandikwa ukutani nyumbani, na sasa una matawi pande zote mbili. Bado kuna duara moja ambalo sijalijaza. Liko karibu na mraba wa mdogo wangu. Ni langu. Shilingi ilirushwa pia siku nilipozaliwa. Huenda mimi ni kama Irene na Alix. Huenda nina ile X nzima. Daktari amesema kuna kipimo, nami nitakwenda likizo hii. Siogopi sana. Alix aliogopa zaidi kwa sababu alikuwa peke yake na siri yake. Mimi nimeshawaambia nyinyi shule nzima.

Kwa hiyo, mwenzangu, mwalimu akikuagiza uchore mti wa ukoo, usiishie kwa babu zako. Nenda kwa nyanya, mkae mchambue maharagwe, umuulize kaka zake walikwenda wapi. Na ukinikuta kwenye foleni ya chakula ukaniita Kwini, nitaitika.